Programu ya mstari isifutwe kidato cha nne

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia. Makala ya Jumapili iliyopita imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako alitaja mada za hesabu ambazo eti hazimsaidii mtoto maishani, na programu ya mstari akaiweka ya kwanza.

Mada hiyo nimeifundisha miaka 26. Swali lake ndilo analojiuliza kila mama ntilie alfajiri: kwa fedha hii, mkaa huu na masufuria haya mawili, nipike wali kiasi gani na ugali kiasi gani ili faida iwe kubwa kabisa? Kuna unachokitaka na kuna mipaka inayokubana. Kila mpaka unauchora kuwa mstari. Katikati linabaki eneo la yanayowezekana, ambalo darasani huonyeshwa kwa kupaka kivuli, na jibu bora utalikuta kwenye pembe mojawapo ya eneo hilo.

Mdogo wangu hapa Morogoro anafuga kuku 300 wa mayai. Mwaka juzi bei ya dagaa ilipopanda, muuza chakula alimshauri apunguze dagaa nusu na kujazia pumba. Akatii. Ndani ya wiki mbili trei 8 kwa siku zikawa 5. Alikuja kwangu analia, ada ya mtoto haijalipwa. Tukakaa mezani na karatasi. Kuku wa mayai anahitaji protini kama asilimia 16. Mahindi yana 9 hivi na mashudu ya soya 44, kwa hiyo kilo 80 za mahindi na 20 za mashudu hayo zinaifikisha hiyo 16 sawasawa, ila soya ni ghali. Mashudu ya alizeti ni nafuu, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na yakizidi kuku hutaga kidogo. Chokaa na vitamini tukaviacha vilevile, dagaa wachache wakabaki, pumba tukaitoa. Tukachora mistari yetu, tukapiga gharama kwenye kila pembe, tukachukua iliyo ndogo kuliko zote. Wiki ya tatu trei zilirudi 7 na nusu, na chakula kikawa nafuu kuliko kile cha mwanzo. Mwanawe, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, alisimama nyuma yetu muda wote. Akaniuliza, "Mama mkubwa, kumbe ndiyo ile tuliyokuwa tunapaka kivuli?" Nilitaka kulia na mimi. Miaka miwili alipaka kivuli na hakuna aliyemwambia kivuli kile ni cha nini!

Mwandishi wako anaziita hesabu za vitabuni. Mwaka 1939 mwanahisabati Leonid Kantorovich, kule Leningrad, Urusi, alizianzia kwenye shida ya kiwanda cha mbao za plaiwudi: kila mashine ipewe kazi ipi ili mbao zitoke nyingi. Mwaka 1975 alipewa Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Marekani, mchumi George Stigler alitafuta mlo wa mtu mzima wenye gharama ndogo kuliko yote kati ya vyakula 77, na kwa kukisia akafika dola 39.93 kwa mwaka. Mwaka 1947 njia ya pembe ya mwanahisabati George Dantzig ilijaribiwa kwa swali hilohilo. Makarani 9 wenye mashine za kuhesabia walipata dola 39.69. Leo kompyuta ya kawaida inalimaliza swali hilo kabla hujakohoa.

Na kama unatafuta cha kufuta, Mhariri, wafutwe kwanza wanaouza chakula cha kuku kwenye magunia yasiyoandikwa kiasi cha protini. Mfugaji atapigaje hesabu ya kitu asichojua kina nini ndani? Gunia la kilo 50 nimelipima mwenyewe, likatoa 46.

Ninachopendekeza ni hiki. Alhamisi kabla ya kuanza mada hii, kila shule itume wanafunzi watano sokoni wakaulize bei ya mahindi, soya, mashudu, dagaa na chokaa. Ijumaa bei hizo ziandikwe ubaoni, na mchoro wa kwanza wa darasa uwe wa gunia moja la chakula cha kuku. Mwandishi wako namkaribisha siku hiyo, akae dawati la mbele.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro