Wanaoanza dawa za sonona waelezwe kabla hawajaondoka dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wagonjwa wa sonona wanaoanzishiwa dawa katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Wapo wanaozitupa mapema, si kwa ukaidi, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba maudhi ya dawa hizi hutangulia na nafuu huja baadaye.

Mdogo wangu, ninayeishi naye hapa Uyole, alipewa amitriptilini. Juu ya bahasha paliandikwa "1x1 usiku", na maelezo yakaishia hapo. Siku za mwanzo kinywa kilimkauka hata ugali ukawa haumezeki bila maji, choo kikawa kigumu, asubuhi akawa mzito wa kuamka, na kila aliponyanyuka kwa haraka kizunguzungu kilimshika. Huzuni nayo ilikuwa palepale. Majirani walimwambia kwamba hizo ni dawa za vichaa, aachane nazo, naye alikaribia kuwasikiliza.

Muuguzi wa kituo kingine ndiye aliyeketi naye na kumweleza kwamba mengi ya maudhi hayo hupungua mwili ukizoea, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, ilhali moyo huanza kuchangamka kati ya wiki ya pili na ya nne, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki sita au zaidi. Alimshauri anywe maji kidogo kidogo, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na ale mboga, maharage na maparachichi, ambayo huku kwetu hayana shida kupatikana. Anayetumia fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hukutana na mambo mengine, kama kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, ndiyo maana huambiwa ameze asubuhi. Dawa hiyo pia inaweza kupunguza hamu na nguvu za tendo la ndoa, jambo ambalo mtu huona haya kulitaja na badala yake huacha dawa kimyakimya, ingawa daktari akiambiwa anaweza kurekebisha dozi au kubadilisha dawa.

Pombe nayo haitajwi. Msimu wa ulanzi unapofika Iringa na Njombe, ni nani amemwonya mgonjwa kwamba pombe na amitriptilini kwa pamoja huzidisha usingizi na kupunguza umakini? Anayeendesha bodaboda, au anayeshika msumeno kwenye mbao kule Mafinga, anastahili kulijua hilo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Sisemi kwamba kila kitu kivumiliwe. Anayezimia, anayeshindwa kukojoa, ambaye moyo unamwenda mbio, au anayechangamka kupita kiasi na halali kabisa, arudi hospitali mara moja. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo, kwa kuwa baadhi yao huweza kupatwa na mawazo ya kujidhuru. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua, kwa hiyo ni vema ndugu wa karibu akawa mtunzaji wa dawa. Na mtu akipata nafuu asiache ghafla: huendelea kwa angalau miezi sita, kisha hupunguziwa taratibu na daktari.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya ni dogo. Kila anayeanza dawa hizi apewe maelezo haya kwa mdomo, ndugu yake akiwepo, pamoja na karatasi ya Kiswahili ya kwenda nayo nyumbani. Apangiwe kurudi baada ya wiki mbili, na aliyetoka mbali, kama Makete au Chunya, ambako nauli ni mzigo, apewe namba ya simu ya kliniki ili aulize kabla hajaamua peke yake kuacha.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya