Safari ya maduka ya vitabu tuliyoipanga wawili, binti yangu sasa amejitoa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 46, nina mume na watoto watatu. Ninayetaka kukueleza habari zake ni binti yangu wa kwanza, miaka 17, aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025. Hajanivunjia adabu wala hana tabia mbaya. Ndiyo maana hapa mtaani sina wa kumweleza. Nikianza tu naambiwa nimshukuru Mungu, wenzangu watoto wao wanawaliza kwa makubwa.

Mwaka 2019, akiwa darasa la tano, nilikwenda naye Dar kufuatilia mambo ya kazi. Nikamaliza mapema, nikamwingiza duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora. Duka la vitabu alilolijua yeye ni la huku kwetu: madaftari, kalamu, na vitabu vya kiada nyuma ya kaunta, unataja jina unaletewa. Pale akakuta vitabu viko wazi, unashika, unafungua, unarudisha. Alikaa sakafuni kwa muda wa karibu saa mbili na hakuna aliyemwinua. Kwenye basi akaniuliza kama kuna maduka mengine ya namna ile, na kama mtu anaweza kuyamaliza yote. Nikamwambia tutayamaliza mimi na wewe, kwa gari. Wakati huo hata gari hatukuwa nalo. Kabla hatujafika Chalinze alishatoa daftari la hesabu, akaligeuza, akaanza kuandika kuanzia nyuma.

Daftari hilo ninalo. Kila mji una ukurasa wake. Dar kuna TPH na Soma ya Mikocheni, ambako unaweza kukaa na kahawa yako na kitabu. Arusha ameandika Kase. Nairobi imechukua kurasa tatu: Prestige ya Mama Ngina Street, Bookstop ya Yaya Centre, Nuria wanaouza vitabu vya waandishi waliojichapishia wenyewe, halafu wale wanaotandika vitabu vya mitumba chini barabarani. Sharti letu lilikuwa moja, duka liwe la mtu au watu wanaopenda vitabu, siyo kona ya supamaketi. Jioni za umeme kukatika tulikuwa tunalisoma kama hadithi. Nilimweleza kwamba jina TPH ni la Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa 1966, na kwamba Walter Bgoya aliyeliongoza ndiye baadaye akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Akaniuliza, "Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuanza upya akiwa mkubwa?" Nikasema anaweza. Hilo nalo akaliandika.

Njia ninaijua kwa kichwa. Morogoro hadi Dar, tulale. Kesho yake Bagamoyo, tutokee Msata, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha. Halafu Namanga, ambako siku hizi unamalizana na nchi zote mbili chini ya paa moja, Kajiado, Nairobi. Kutoka Nairobi tushuke Mtito Andei, Voi, Mombasa, kisha kivuko cha Likoni, Lunga Lunga na Horohoro, Tanga. Tanga tupite Machui, alikozikwa Shaaban Robert, hata kama pale hapauzwi kitabu. Kisha Segera, Chalinze, nyumbani. Ni kama kilometa 2,100. Gari letu ni Ist, linakwenda kilometa 13 kwa lita, kwa hiyo nahitaji lita 160 na ushee za petroli, bila mizunguko ya mjini. Usiku hatutembei. Nimepanga siku 12 kwenye likizo ya Juni, masika yakiwa yameisha na yeye bado hajaripoti kidato cha tano Julai.

Fedha nimezitoa jasho. Miaka minne ya kikoba, nikigawana mwisho wa mwaka naweka kando, sasa zimefika milioni mbili na laki sita. Nimeulizia makaratasi pia: pasipoti zetu, cheti cha homa ya manjano, bima ya gari ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA, na barua ya mume wangu kwa sababu kadi ya gari ina jina lake. Mume wangu angependa fedha hiyo ipaue vyumba viwili vya uani, na hakunificha. Lakini alisema ahadi ya mtoto ni ahadi, akaandika barua ya gari na ya kumruhusu binti avuke na mimi. Ziko kabatini.

Basi mwezi wa pili nikamwita binti, nikamwekea daftari na barua mezani. Nilidhani atarukaruka. Aliziangalia muda mrefu, akasema kwa upole kabisa: "Mama, ile safari ni yako. Mimi nilikuwa naandika tu."

Shangazi, nilishindwa kujibu. Anasema anataka kumalizia kozi ya kompyuta aliyoanza mjini, na wenzake wanatawanyika Julai, anataka kuwa nao. Vitabu bado anasoma, namwona usiku na simu usoni. Hajaacha kupenda. Ila kukaa siku 12 kwenye gari na mama yake hataki.

Tangu hapo nalirudia daftari. Mwandiko ni wake, lakini nikisoma maneno nasikia sauti yangu. Najiuliza kama nilimbebesha mtoto wa miaka 11 hamu ambayo mimi sikuitimiza. Mimi nilisoma kwenye nyumba iliyokuwa na Biblia na kalenda, nikafika chuo cha ualimu ndipo nikashika riwaya ya kwanza. Labda ni mimi niliyekaa sakafuni pale Samora.

Mama yangu anasema mtoto haulizwi, apandishwe gari, atafurahi mbele ya safari. Sitaki kuzunguka naye kama mzigo kwenye buti. Mwalimu mwenzangu amejitolea tuchangie mafuta twende wote, na ni dereva mzuri, ila yeye lengo lake ni Eastleigh, kule Nairobi, kuchukua nguo za kuuza. Nikiwaza kwenda naye naona tutagombana Nairobi siku ya kwanza. Kwenda peke yangu siogopi barabara. Ninachoogopa ni kusimama kwenye mlango wa duka ambalo jina lake liliandikwa na mtoto wangu, yeye yuko nyumbani.

Nisaidie, wewe na wasomaji wako waliolea. Nimwombe tena, au kumwomba mara ya pili ni kumlazimisha? Nisubiri miaka mitatu, minne, akiwa chuo, huenda akaja mwenyewe, huku bati zikiezekwa na fedha ikiisha? Au niende Juni hii? Na nikienda, je, nimwombe ruhusa ya kulichukua daftari? Naliona ni langu na ni lake.

Na kama kuna mwenyeji wa Mombasa, naomba anitajie duka lenye mwenyewe wa kukuuliza unasoma nini. Ukurasa wa Mombasa una jina la mji tu na mchoro wa meli.

Mama N.,
Morogoro