Hita ya Porsche ya zamani haing'olewi hivi hivi

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwenye barua ati hizi Porsche 911 za zamani, zile injini yake inapozwa na upepo, mtu akinunua kitu cha kwanza ni kung'oa mambo yote ya hita maana Kenya hakuna theluji, aweke bomba tupu za ekzosi, gari liwe jepesi na lingurume vizuri. Mimi kazi yangu ni hizo injini, 911 na binamu yake Volkswagen Beetle, na naomba nafasi nimjibu kwa sababu najua kuna mtu atasoma ile barua na kesho yake yuko kwa fundi.

Kwanza ndugu yetu aelewe hiyo hita iko wapi. Hii injini haina rejeta, kwa hivyo hakuna maji moto ya kupitisha kwa dashibodi kama gari la kawaida, joto linachukuliwa kwa ekzosi yenyewe. Bomba zinazotoka kwa silinda, tatu huku tatu kule, zimevalishwa koti la bati, feni ya injini inasukuma hewa kati ya bati na bomba, hewa inapata joto halafu inapita kwa vali zinazovutwa na kebo kutoka kwa lever iliyo katikati ya viti, inaingia ndani ya zile kingo za bodi chini ya milango mpaka kwa miguu yako na kwa kioo cha mbele. Ukifunga hita hiyo hewa inamwagwa nje chini ya gari. Sasa hapo utatenganisha vipi ekzosi na hita?

Na ukiitoa vibaya kuna hasara mbili. Ya kwanza, ile mipira ya hewa iliyokuwa inalisha hita ikiachwa wazi, upepo wa feni unatorokea hapo badala ya kwenda kwa silinda, na injini ya upepo ikikosa upepo haina kingine cha kuiokoa, itachemka tu. Lazima matundu yazibwe kwa vifuniko, si kitambaa, nimeona vitambaa. Ya pili ni kioo. Huyo ndugu labda anaendesha Mombasa Road mchana, ajaribu kushuka Limuru Julai alfajiri na ukungu ule, kioo kimefunga ndani, anapangusa na mkono huku lori liko mbele, ndio atajua hita haikuwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao.

Lakini kitu kinachonikosesha usingizi si wanaotoa, ni wanaobandika viraka. Bomba la ndani ya lile koti linaliwa na kutu pole pole na wewe huoni, bati la juu linakaa zima kabisa. Likitoboka, moshi wa injini unachanganyika na ile hewa ya hita unaletewa mpaka kwa pua. Kila mtu hapa anajua habari ya jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, basi ni gesi ile ile, kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu na dereva anadhani ni usingizi. Wengine wananiambia mbona mimi nasikia harufu ya oili ikiungua nikiwasha hita, hiyo mara nyingi ni kifuniko cha vali za injini kinavuja juu ya ekzosi, ni ya kutengenezwa pia, lakini usifikiri kwamba kukosa harufu ndio usalama. Halafu unakuta gereji fulani hapa mjini inachomelea kiraka juu ya bati, inapaka rangi ya fedha, mteja anaambiwa imepona. Imepona nini na tundu liko ndani?

Kupima si kazi ngumu. Toa hiyo kitu yote, ziba bomba upande mmoja, ingiza hewa ya kompresa upande wa pili, izamishe kwa maji uangalie mapovu. Watu wa rejeta wana tangi la hiyo kazi tayari, na mimi huwa nacheka sana kuwapelekea kipuri cha gari ambalo halijawahi kuwa na rejeta. Mapovu yakitoka hapo usitafute kiraka, nunua nyingine.

Kufungua ndio kuna kilio. Ekzosi kwa kila silinda imeshikwa na stadi mbili, yaani bolti zisizo na kichwa, kwa silinda sita ni kumi na mbili, ni chuma ndani ya hedi (kile kichwa cha silinda) ya aluminiamu na zimepikwa na moto miaka arobaini au hamsini, na nati nyingine unazifikia kwa eleni ndefu kupitia matundu ya lile koti lenyewe. Fundi mwenye haraka akivuta kwa nguvu stadi inakatika, akichukua drili akatoboa kombo hedi imeharibika, hapo injini inashuka na bili inapanda. Mwambie apulizie mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, apige moto kwenye nati, akaze kidogo kwanza ndio alegeze. Ikikatika na kipande kimebaki nje, achomelee nati mpya juu yake, ule moto wa welding wenyewe unailegeza. Na gasketi ziwe mpya zote, za zamani zisirudi.

Kuhusu spea, za chuma cha kawaida ni rahisi lakini zitaoza tena, za stenlesi kama SSI ya Marekani au Dansk ya Denmark zinauma mfuko lakini zinadumu. Wenye 911 SC, ile ya kuanzia 1978, wengi wanapenda kurudisha muundo wa ekzosi wa kabla ya 1975 kwa sababu moshi unatoka vizuri zaidi na hita inabaki, ila wajue bomba za oili nazo lazima zibadilishwe, usiagize ekzosi peke yake ukaja kulia. Na mwenye gari la 1976 au 1977 lililotoka Marekani atazame kama bado lina zile riakta za kuchoma moshi, joto lake lilikuwa linalegeza mpaka stadi za hedi kwenye krankesi (bodi ya chini ya injini) ya magnesiamu, hizo kweli zitoke.

Najua nitaambiwa mbona gari za rali ni bomba tupu. Sawa, tunaipenda Safari Rally, 1978 Vic Preston Jr alimaliza wa pili na 911 SC, lakini gari la mashindano lina kikosi cha mafundi kinalingoja njiani na kulitazama chini kila mara, lako linatazamwa lini?

Kwa hivyo anayeenda kununua asikilize mngurumo baadaye. Avae ovaroli alale chini na tochi, aguse koti za hita, atafute alama za welding, kisha awashe injini ikiwa baridi na asikilize kama kuna ts-ts-ts karibu na hedi. Muuzaji akikataa gari litazamwe chini, aachiwe gari lake.

Fundi wa injini za upepo,
Nairobi