Mlo wa nyumbani katika vichochoro vya Seoul

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Korea Kusini, kwamba chakula cha nchi ile hakiishii kwenye nyama ya kuchomwa mezani, ambayo husifiwa mno lakini mfuko wa mwanafunzi hauiwezi kila siku.

Katika vichochoro vya Seoul, hasa karibu na masoko, ipo migahawa midogo, mingi ikiendeshwa na akina mama wa makamo, inayouza mlo uitwao baekban: bakuli la wali mweupe, supu ya moto na visahani kadhaa vya vitoweo kama kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili), spinachi iliyotiwa mafuta ya ufuta, na dagaa waliokaangwa kwa mchuzi wa soya na sukari hadi wakang'aa. Visahani hivyo havitozwi bei ya peke yake, na kimoja kikiisha mteja huomba aongezewe bure. Kuomba kisha kusaza ndiko kusikopendeza. Wali huliwa kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti vya chuma (vinateleza kweli), na mkubwa kwa umri ndiye anayeanza. Bakshishi haitarajiwi.

Ndugu Waislamu waulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa mchuzi wa kimchi mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe. Anayekwenda peke yake naye awahi kabla ya saa sita mchana, maana wafanyakazi wa ofisi wakishajaa, baadhi ya migahawa haimpi mtu mmoja meza.

Msomaji wako,
Dar es Salaam