Kwa Tumaini, kabla EP yenu haijatoka

Arusha

Ndugu yangu Tumaini,

Salamu nyingi kwako na kwa Neema. Huku wote wazima, tunashukuru.

Nyimbo tano za EP yenu, yaani albamu fupi, nimezipata na nimezisikiliza kwa spika za studio, kwa hedifoni, kwa simu, na kwa ile spika ndogo ya bluetooth inayokaa jikoni. Hiyo ya jikoni ndiyo isiyo na haya. Tungo ni nzuri, mwendo wa midundo 96 kwa dakika unafaa, na Neema ana sauti ambayo watu watamkumbuka kwayo. Tatizo lenu ni moja, mengine yote ni watoto wake: kila wimbo umejaa hadi mlangoni. Muziki wa giza unamtisha msikilizaji kwa kile anachongoja kisichokuja. Mkiweka pedi sita za kinanda (zile sauti ndefu za nyuma), magitaa manne na mwangwi juu ya kila kitu, hana tena cha kungoja.

Rudini kwa kundi la Suicide wa New York. Albamu yao ya kwanza, 1977, ni sauti ya Alan Vega, kinanda cha Martin Rev na mashine ya midundo. Gitaa halimo kabisa, na ni roki mpaka kwenye mifupa. Trent Reznor naye alikuwa mfanyakazi wa studio ya Right Track huko Cleveland, usafi ukiwa sehemu ya kazi, na akawa anarekodi saa ambazo studio haina wateja. Karibu kila kitu alikifanya mwenyewe kwa kompyuta, sampula (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na vinanda, na albamu ya kwanza ya Nine Inch Nails ikatoka 1989. Kwa jirani zetu, kundi la Duma wa Nairobi walikuwa watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoa yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma walikuwa na makelele kuliko nyinyi mara nyingi, lakini ukisikiliza kwa makini, kila kelele ina kazi yake na nyingine inaipisha.

Basi anzeni chini, kwenye besi. Wimbo wa kwanza uko A ndogo (A minor), noti ya chini ya besi ni 55 Hz, yaani mitetemo 55 kwa sekunde, na kiki yenu, ile ngoma ya mguu, nayo imejaa papo hapo. Zikipiga pamoja, kompresa ya mwisho (kifaa kinachobana sauti inapozidi) inabanwa na zote mbili na wimbo mzima unapwaya kila pigo. Chagueni nani anakaa chini. Mimi ningeiacha besi ishike 55, kiki nikaipandisha iwe na mwili wake karibu na 80 hadi 90 na mlio wa kugongwa karibu na 3 kHz (mitetemo elfu tatu), maana simu haitoi 55 hata uisihi. Halafu besi iwekewe kompresa inayoamrishwa na kiki: uwiano 4 kwa 1, ishike haraka, iachie ndani ya milisekunde 150 hivi. Kwa mwendo wenu robo noti ni milisekunde 625, na noti ya moja ya kumi na sita ni 156, kwa hiyo besi inarudi kwa wakati bila kusikika ikihema.

Jambo la pili huko chini ni korasi mliyoweka kwenye besi ya sintesaiza, ile athari inayofanya sauti moja isikike kama nyingi. Kwenye hedifoni inapendeza, imetanuka kama bahari. Bonyeza kitufe cha mono, kinachochanganya kushoto na kulia kuwa kimoja, uone: besi inatoweka nusu, kwa sababu upande wa kushoto na wa kulia vinafutana. Spika ya jikoni ni mono, na spika nyingi za baa pia zimefungwa hivyo. Gawanyeni chaneli hiyo mara mbili. Chini ya 120 Hz ibaki mono na kavu. Juu ya hapo korasi ifanye itakavyo.

Magitaa. Kuna mvumo wa umeme chini ya wimbo wa pili na wa tano, na najua mtasema ni muziki wa viwandani (industrial), mvumo ni pambo. Umeme wetu ni 50 Hz. Noti ya G iko 49, G kali (G sharp) iko karibu 52. Mvumo unakaa katikati ya hizo mbili na hauko kwenye ufunguo wowote wa muziki wenu. Ukipigana na besi ya 55 unatoa mtikisiko mara tano kwa sekunde, na msikilizaji anahisi besi haijatuniwa bila kujua kwa nini. Rekodini upya gitaa likiwa mbali na adapta ya kompyuta na taa za kufifizwa, mpigaji ageuke geuke mpaka mvumo upungue, ndipo abaki hapo. Kama kompyuta ya mkononi ndiyo inayoleta kelele, ichomoeni chaji wakati wa kurekodi. Mkitaka uchafu, ongezeni kwa makusudi baadaye, mahali mnapopachagua.

Punguzeni na distosheni, ule ukwaruzaji wa sauti. Kwa gitaa lililopigwa mara mbili, moja kushoto kabisa na moja kulia kabisa, nusu ya distosheni mliyoweka inatosha, maana mipigo miwili inajumlisha ukali wake. Kateni kila kitu chini ya 90 Hz, na juu ya 7 kHz, hapo ndipo mchanga unakaa. Mkizima vinanda gitaa litasikika jembamba na mtaingiwa na hofu. Msilisikilize peke yake. Na lazima liwe limepigwa mara mbili kwelikweli. Kunakili pigo moja na kulisogeza milisekunde chache kunarudisha ule ugonjwa wa mono.

Sasa mwangwi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo EP itakapopona au kufa. Mmeweka mwangwi ndani ya kila chaneli, tofauti kila mahali, kwa hiyo Neema yuko kanisani, sinea (ngoma ya mlio mkali) iko bafuni na gitaa liko korongoni. Futeni yote. Tengenezeni chaneli mbili za mwangwi pembeni: mfupi wa sekunde 0.6 kwa ngoma na gitaa, na mrefu wa sekunde 2.3 kwa sauti na kinanda kimoja tu. Sababu ya 2.3 ni kwamba bari moja (mapigo manne) kwenu ni sekunde 2.5, mkia unakwisha kabla bari inayofuata haijafika, na hapo mnapata ule ukimya mdogo unaomfanya mtu asogeze shingo. Kwenye marejeo ya mwangwi kateni chini ya 250 Hz na juu ya 5 kHz. Giza linatoka huko kukata juu, wala si kwenye urefu wa mkia.

Sauti ya Kiswahili inataka uangalifu wake. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na mwangwi unapenda irabu: unazirefusha, zinalala juu ya konsonanti ya neno linalofuata, na "mb", "nd", "ng" za mwanzoni zinamezwa. Ndiyo maana ubeti wa pili wa wimbo wa tatu hausikiki hata kwa mtu anayeijua lugha tangu tumboni. Chelewesheni mwanzo wa mwangwi kwa milisekunde 39 ili neno litoke kavu kwanza, kisha mwangwi wenyewe uwekewe kompresa inayoamrishwa na sauti, ushuke desibeli (dB) 4 hadi 6 Neema akiimba na kupanda akinyamaza. Mkazo wa neno nao uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kiitikio mmeangusha pigo zito juu ya "nyu" ya "nyumbani", na linasikika kama wimbo uliotafsiriwa. Sogezeni nusu pigo, "mba" ikae pale.

Anaponong'ona, maiki iwe umbali wa ngumi moja, feni izimwe, friji ichomolewe, na kilele kisipite dB -10. Msiogope kurekodi kwa sauti ndogo mkiwa kwenye biti 24; anayepasua ndiye asiyetibika.

Wimbo wa nne una mhubiri wa redioni. Anafaa sana na hamwezi kumtumia: mtahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, na ya mwenye maneno pia. Mwandikieni Neema maneno yenu, asome, mkate chini ya 300 Hz na juu ya 3,400, ambayo ndiyo njia ya simu ya zamani, na mpitishe kwenye distosheni kidogo. Hakuna atakayemkumbuka mhubiri.

Masta mliyojaribu, yaani toleo la mwisho la wimbo, imefika LUFS -7 (kipimo cha ukubwa wa sauti; ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Spotify itaishusha mpaka -14, na kilichobaki ni wimbo uliopondwa ukipigwa kwa sauti ndogo. Lengeni -11 au -10, kilele halisi kisizidi dBTP -1, na ule ukimya kabla ya kiitikio uwe ukimya kweli.

Kuhusu kutoa. Nyimbo tano kwa dakika 27 ni EP kwa hesabu za Apple Music, yaani nyimbo nne hadi sita zisizozidi dakika 30. Mkiongeza vile vipande viwili vya mvua ya mabati kama nyimbo zinazojitegemea mnakuwa na saba, na jina linageuka albamu. Kimoja kishikizeni mwishoni mwa wimbo wa pili, kingine mwishoni mwa wa nne. Msikiweke mwanzoni mwa wa kwanza kama mlivyofanya: Spotify huhesabu msikilizo baada ya sekunde 30, na kwenu mdundo unaanza sekunde ya 70. Mvua ni nzuri, lakini mgeni hajui bado kama mna kitu kingine.

Pakieni kwa msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo Spotify na kwingine, wiki nne kabla. Wimbo mmoja pendekezeni kwa wahariri wa Spotify, angalau siku saba kabla ya kutoka, na uwe wa tatu. Kila rekodi ina msimbo wake wa ISRC wa herufi na tarakimu 12; uandikeni mahali salama, maana mkihama msambazaji bila huo mnaanza hesabu za usikilizaji upya. Jalada liwe pikseli 3,000 kwa 3,000, na lipunguzeni kwanza hadi ukubwa wa kidole gumba kwenye simu. Hilo la sasa linakuwa mraba mweusi mtupu. Mgawanyo wa asilimia kati yako, Neema na yule kijana wa midundo andikeni leo na mtie saini, kisha nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hamjaanza kupendwa.

Nitumie wimbo wa tatu kwa vipande: WAV, biti 24, vyote vianzie bari ya kwanza hata kama chombo kinaingia dakika ya tatu, bila mwangwi na bila kompresa ya mwisho. Majina ya mafaili yaeleweke. "Audio 17 mpya mwisho kabisa" sitaifungua.

Msalimie mama.

Wako,
Baraka