Udongo wa puani si dawa ya kila roketi yenye mabawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno kuhusu makala mliyoichapa juu ya vijana wanaotengeneza roketi za mfano. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa ni nadra kuona gazeti la Kiswahili likiupa mchezo huu wa kisayansi ukurasa mzima. Hata hivyo, aya moja ilinishtua. Mwandishi aliwashauri wenye roketi za mabawa, yaani zile zinazopaa kwa injini na kushuka zikiteleza hewani kama ndege, waongeze uzito wa udongo wa kufinyangia puani zisiporuka sawasawa, mpaka zitulie, akaishia hapo. Ushauri huo unatibu ugonjwa mmoja tu, ilhali roketi ya mabawa ina magonjwa kadhaa yanayofanana kwa mbali, na anayemimina udongo puani kabla ya kujua ni upi unaomsumbua anaweza kuishia na roketi nzito zaidi inayorudi ardhini injini ikiwa bado inawaka.

Roketi isiyo na usukani hushika njia yake kwa mpangilio wa nukta mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, yaani pale ambapo roketi ikilazwa juu ya ukingo wa rula hukaa mlalo bila kuinamia upande wowote. Ya pili ni kitovu cha msukumo wa hewa, mahali ambapo nguvu zote za hewa inayoipiga roketi ubavuni huwa kana kwamba zimekusanyika. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya kile cha hewa, roketi ikiyumba kidogo hewa huusukuma mkia urudi kwenye mstari, kama manyoya yanavyounyoosha mshale. Nukta hizo zikibadilishana nafasi, hewa ileile huzidisha yumbo hadi roketi ipinduke. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba umbali kati ya nukta hizo usipungue kipenyo kimoja cha bomba la roketi. Kwa roketi nyembamba yenye mapezi 3 au 4 mkiani sharti hilo hutimia kwa urahisi, lakini bawa ni eneo kubwa, na likipachikwa mbele huivuta nukta ya hewa kuelekea puani.

Tatizo hili haliwapati wenye roketi ndogo peke yao. Chombo cha anga cha Marekani chenye mabawa, X-37B, kilichorushwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2010, kilipaa kikiwa kimefunikwa ndani ya koni ya roketi ya Atlas V, kwa sababu mabawa yake yangeachwa wazi kule kileleni yangetia wasiwasi juu ya mwenendo wa roketi nzima. Kabla ya hapo, katika Dyna-Soar, mradi wa Marekani wa chombo cha anga chenye mabawa uliofutwa mwaka 1963, wahandisi walichora mapezi makubwa chini ya roketi ya Titan ili yashindane na mabawa ya chombo kilichokaa juu yake.

Nilijifunza haya kwa roketi yangu mwenyewe. Niliilaza juu ya rula, nikaona nukta ya uzito iko mahali pazuri, nikaridhika. Kumbe sikuwa nimeweka injini. Iliporushwa ilitoka kwenye fimbo inayoiongoza wakati wa kuondoka, ikapanda kiasi cha urefu wa watu watatu, kisha ikaanza kubiringika hovyo, huku na huku. Nilipoipima tena ikiwa na injini mpya iliyojaa, nukta ya uzito ilikuwa imerudi nyuma kwa upana wa vidole viwili. Injini ya mkiani ni miongoni mwa vitu vizito kuliko vyote katika roketi ndogo, na huwa nzito zaidi wakati wa kuondoka, kabla fueli yake haijaungua. Hapo udongo wa kufinyangia puani ulikuwa ndio dawa yenyewe, na kwa hilo mwandishi wenu yuko sahihi.

Safari ya pili roketi haikubiringika. Ilipanda vizuri, ikashika kasi, halafu ikapinda kuelekea mgongoni, ikachora duara zima na kugonga ardhi kwa pua. Nikaongeza udongo. Duara likapanuka kidogo, lakini mwisho wake ukawa uleule, tena kwa kishindo zaidi. Jioni hiyo niliishika chini ya taa, nikafumba jicho moja na kuiangalia kutokea mkiani, kama seremala anavyotazama ubao kama umenyooka. Ukingo wa mbele wa bawa ulikuwa umeinuka takriban milimita 2 kuliko ukingo wa nyuma. Gundi ilikuwa imekauka bawa likiwa limekaa upande.

Milimita 2 zinaonekana si kitu, na ndiyo maana nawasihi vijana wazitazame. Nguvu inayoliinua bawa huongezeka kwa mraba wa kasi. Roketi unayoirusha kwa mkono ili uone inavyoteleza hewani huenda kama mita 5 kwa sekunde. Ikipanda kwa injini inaweza kufika mita 40. Kasi hapo imezidi mara 8, na nguvu ya bawa mara 64. Pembe iliyoifanya iteleze kwa upole mkononi mwako ndiyo hiyohiyo inayoipindua inapopaa. Kwa hiyo roketi inayopinda kila mara upande uleule wa mgongo au wa tumbo haidai udongo kwanza. Inadai bawa na mkia vilale sambamba kabisa na mstari wa injini, bila pembe yoyote kati yao, na bawa lenyewe liwe na umbo moja juu na chini badala ya kuvimba juu tu kama la ndege. Niling'oa lile bawa, nikapiga msasa, nikalipachika upya huku nimeliegemeza kwenye kipande cha mbao kilichonyooka hadi gundi ikauke, na nusu ya udongo nikauondoa.

Msomaji atauliza roketi ya namna hiyo itatelezaje wakati wa kushuka. Jibu ni kwamba pembe ya kuteleza isiwepo wakati wa kupaa, ije baadaye. Wako wanaotia vibawa vidogo nyuma ya bawa, wakavishikilia vikiwa bapa kwa injini yenyewe. Mlipuko mdogo wa mwisho ukiitoa injini, uzi wa mpira huvivuta vikainuka. Wengine huweka injini mbele, ndani ya kibomba kinachojitenga na kushuka kwa parachuti au utepe, na kwa kuondoka kwake kitovu cha uzito hurudi nyuma mahali kinapofaa kwa kuteleza. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu uzito wa injini unafanya kazi ambayo udongo ungeifanya.

Kuhusu kuijua nukta ya hewa, programu nyingi za kompyuta hutumia hesabu zilizotolewa na mhandisi James Barrowman wa Marekani katika miaka ya 1960. Ni hesabu nzuri, lakini zimejengwa juu ya dhana kwamba roketi inapotoka kwenye mstari inatoka kwa pembe ndogo tu, na kwa roketi yenye mabawa makubwa mimi siziamini peke yake. Huwa naongeza jaribio la uzi: roketi ikiwa na injini iliyojaa, hufungwa uzi wa mita 2 au 3 penye kitovu cha uzito, ukabanwa kwa utepe wa gundi, kisha ikazungushwa juu ya kichwa. Pua ikitangulia bila kuyumba, ni dalili njema. Wengi hukosea hapa, kwa sababu roketi hugeuka kwa uhuru kuuzunguka uzi. Uzi ukitoka mgongoni, umepima tu kama pua inakwenda kulia na kushoto. Ni lazima jaribio lirudiwe uzi ukitoka ubavuni, kwenye mstari wa bawa, ndipo ujue kama inapinduka juu na chini. Mabawa husaidia au kudhuru upande mmoja tu, kwa hiyo roketi inaweza kufaulu jaribio la kwanza na kufeli vibaya la pili. Ikifeli hilo la pili, sogeza bawa nyuma au kuza mkia wa mlalo. Ikifeli la kwanza, kuza pezi la wima.

Inayojizungusha kama keekee huwa bawa lake moja limejipinda. Inayoinamia upepo haraka mno pengine imetoka kwenye fimbo polepole, ama imetiwa uzito kupita kiasi puani, na hili la mwisho ndilo zao la ushauri niliousoma.

Naliomba gazeti lichape masahihisho mafupi: kwamba roketi ya mabawa ipimwe ikiwa na injini iliyojaa, kwamba bawa na mkia vikaguliwe kwa jicho kabla ya udongo kuguswa, na kwamba roketi mpya isirushwe mbele ya watazamaji kabla haijafaulu jaribio la uzi kwa pande zote mbili. Makala yenu imekwisha kusomwa na watoto, na wapo ambao sasa hivi wanafinyanga udongo.

Wako katika kuthamini sayansi,
Msomaji na mtengenezaji wa roketi za mfano