Mlipuko wa jua haupigi usiku

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi vijana wa stendi ya Korogwe walipokuwa wakilipitisha madirishani mwa mabasi, na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Leo naandika kwa sababu ya habari mliyoichapa Jumapili, ile iliyowataka watu wazime simu kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa tisa na nusu, eti miale ya mlipuko wa jua itapita karibu na dunia na kumdhuru kila aliyelala na simu karibu na mto wake.

Ujumbe huo umezunguka kwenye WhatsApp miaka mingi, nao hubadilishwa tarehe tu. Kwenye WhatsApp niliuzoea. Kuuona gazetini kumeniuma, maana kikichapwa gazetini watu huamini. Jirani yangu mwenye duka aliusoma akazima simu yake. Mwanawe ni dereva wa lori, na usiku huohuo lori lilimkatikia ekseli Segera. Alimpigia mzee wake mpaka kulipopambazuka.

Saa sita na nusu usiku, Mhariri, jua liko wapi? Liko upande wa pili kabisa, na kati yetu na lenyewe ipo dunia nzima, miamba na bahari zake. Mlipuko wa jua ukitokea saa hiyo, mwenye kuupata ni mtu wa Pasifiki ambako ni mchana. Sisi tuliolala Korogwe tumekingwa kuliko wakati mwingine wowote.

Nasema haya si kwa kusoma tu. Kabla ya kustaafu niliendesha simu ya upepo kwa miaka 19 katika kituo kidogo cha afya milimani Usambara, na sasa nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza kwa kupenda tu wala si kwa biashara, kutoka TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, zile ambazo alama zake za wito huanza na 5H. Mlipuko wa jua umewahi kunikuta kazini. Sikujua kuwa ni wenyewe, na kutojua huko bado kunanikaa moyoni.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 28 Oktoba 2003, siku za mwanzo za Ramadhani. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia kule juu. Tulikuwa na redio moja ya masafa mafupi, betri ya gari, paneli ya sola juu ya bati, na waya wa antena uliovutwa kutoka paani hadi kwenye mkaratusi. Mchana ule aliletwa mama kwenye machela, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nesi akaniambia, "Kaka, ita gari." Ilikuwa imepita kidogo saa nane. Nikaita hospitali ya bondeni kwenye megahezi 7, wakaitika vizuri kabisa, nikaanza kueleza. Sikumaliza. Sauti ya mwenzangu ilididimia kama mtu anayezama, na ndani ya dakika moja au mbili hapakubaki kitu. Hata mikwaruzo ya kawaida ilipungua. Redio ilikuwa inawaka, taa zake zote ziko sawa, na imenyamaza kimya.

Nilifanya kile ambacho fundi yeyote wa wakati ule angefanya. Nilipima betri. Nikabadilisha fyuzi. Nikapanda mkaratusi nimefunga, nikakaza waya. Bado kimya. Tukamtuma kijana na baiskeli ateremke. Kisha nikachukua bisibisi nikaifungua redio yenyewe, skrubu sita, nikaziweka kwenye kisahani cha chai. Ilipokuwa wazi pale mezani, moduli zake zimechomolewa, masafa yalikuwa yameanza kurudi, nami sikuwa na redio ya kuyasikilizia. Niliifunga tena karibu saa kumi na nusu. Hospitali wakaitika mara ya kwanza nilipoita. Gari lilifika usiku. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kwa miaka nane niliamini kwamba hitilafu ilikuwa kwenye waya wa antena. Ni mwaka 2011 ndipo fundi mmoja mzee wa redio za meli pale Tanga aliponiuliza tarehe na saa, akafungua daftari lake, akanionyesha: mlipuko wa daraja la X17, kilele chake saa nane na dakika kumi mchana kwa saa zetu. X ni daraja la milipuko mikali kuliko yote, na namba ikipanda ukali nao hupanda. Meli alizokuwa akizungumza nazo zilimpotea dakika zilezile.

Naomba nieleze kinachotokea, kwa maneno niliyoelezwa na mzee yule. Redio ya masafa mafupi hufika mbali kwa kugonga paa la angani na kurudi chini. Paa hilo ni tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kilomita kama 250 hadi 400 kutoka ardhini. Chini yake, kati ya kilomita 60 na 90 hivi, lipo tabaka jingine ambalo wataalamu huliita D. Hili halirudishi kitu; hula. Mawimbi yakipita humo huzitikisa elektroni, elektroni zikagongana na hewa ambayo pale bado ni nzito, na nguvu ya wimbi ikaishia kuwa joto. Tabaka D hutengenezwa na mwanga wa jua, na jua likizama karibu lote hutoweka. Wazee wote wanajua kuwa redio za mbali husikika vizuri usiku. Sababu ndiyo hiyo.

Sasa jua likilipuka hutoa eksirei nyingi kwa ghafla. Hizo huja kwa kasi ya mwanga na kutufikia baada ya dakika nane na sekunde chache, zikalinenepesha tabaka D upande wote wa dunia ulio mchana. Wimbi linaingia, halitoki. Masafa ya chini huliwa zaidi na hurudi mwisho. Ya juu huliwa kidogo na hurudi mwanzo. Ile megahezi 7 yangu ilikuwa mahali pabaya mno pa kusubiri.

Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi, nilikuwa tayari. Nilikuwa nikiongea na mzee mmoja wa Italia kwenye megahezi 21, ananieleza habari za mizeituni yake. Saa tisa na dakika 18 alasiri jua lilifika kilele cha mlipuko wa X9.0, na safari hii pia Afrika ilikuwa inatazamana nalo. Mzee wa Italia alididimia vilevile kama mwenzangu wa mwaka 2003. Sikugusa bisibisi. Nilizungusha redio ya kawaida ya FM: inapiga kama kawaida. Simu ya mkononi: inaita. Basi nikajua betri yangu haina kosa. Nikapanda hadi megahezi 28 nikakaa na saa mezani na kalamu mkononi. Baada ya robo saa 28 ilianza kupumua, kituo kimoja kwa mbali, kisha viwili. Mzee wangu wa 21 nilimpata tena baada ya nusu saa na kitu. Kwenye 7 palikuwa bado pamefungwa.

FM na simu za mkononi haziguswi kwa njia hii kwa sababu mawimbi yake ni ya masafa ya juu sana na hayategemei paa la angani. Yanakwenda moja kwa moja kutoka mnara hadi kwako. Vivyo hivyo redio ndogo za VHF ambazo wavuvi wa Pangani huitana nazo.

Linganisha na tarehe 4 Novemba 2003, wiki moja tu baada ya siku yangu ile ngumu. Jua lilitoa mlipuko uliokadiriwa kuwa X28, vipimo vya setilaiti vikafika mwisho wake vikashindwa kuendelea. Kwetu ilikuwa saa nne na dakika 50 usiku. Redio yangu ilipiga kazi bila kukatika. Na mwaka 2017: tarehe 6 Septemba mlipuko wa X9.3 ulikuja saa tisa na dakika mbili mchana na kutufungia masafa. Siku nne baadaye ukaja wa X8.2, saa moja na dakika sita jioni, jua limeshazama, na hatukujua kitu. Mlipuko unaokaribiana nguvu, mmoja umetupata na mwingine haukutupata, na tofauti ni jua kuwa juu au chini ya upeo. Ndiyo maana nasema ushauri wenu wa usiku umepindua mambo kichwa chini miguu juu.

Katika ile tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma kilikuwa kimekwisha kuipiga Barbuda na kinavisaga visiwa vya Karibi. Minara ya simu ilikuwa imeanguka, na waliokuwa wakipeleka habari za visiwa vile ni watu wa redio ya ridhaa kama mimi. Masafa yao yakafungwa katikati ya kazi. Siku hiyohiyo, wasimamizi wa usafiri wa anga wa Ufaransa waliripoti kuwa ndege moja iliyokuwa nje ya pwani ya Brazil na Guyana ya Ufaransa ilipoteza mawasiliano ya redio kwa dakika kama 90.

Msiseme ni mambo ya Karibi. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Tarehe 6 Mei, saa tatu na dakika 35 asubuhi, jua lililipuka kwa daraja la X4.5 likiwa juu yetu. Siku mbili tu. Laiti vingekutana, nani kati ya watu wetu wa uokoaji angejua kwamba redio yake ni nzima?

Kosa jingine katika habari ile ni kuchanganya mlipuko na dhoruba ya sumaku. Mlipuko ni mwanga, unafika kwa dakika nane. Dhoruba huletwa na wingu la chembe ambalo jua hulitema, nalo husafiri kwa siku moja hadi tatu hivi, likagonga sumaku ya dunia. Dhoruba kubwa hufika mchana na usiku, na hizo ndizo huweza kuharibu gridi za umeme, kama ile ya Machi 1989 iliyoizima Quebec, Kanada. Ile ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Jumapili ya tarehe 12 intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, na mtaani kwangu watu wakasema jua limekata nyaya. Zilizokatika ni kebo za EASSy na Seacom, chini ya bahari, upande wa Afrika Kusini. Jua halikuhusika.

Wala sitaki msomaji alichukie jua. Miaka ambayo jua lina madoa mengi, takriban kila miaka 11, ndiyo miaka yetu ya mavuno. Paa la juu hupata nguvu, na kwa wati 10, nguvu ya taa moja ndogo ya nyumbani, nimeongea na Japani nikiwa kibarazani. Linalotupa mavuno hayo ndilo linaloyachukua kwa saa moja mchana mmoja.

Ombi langu kwako ni dogo. Kipo kituo cha Marekani cha kufuatilia hali ya anga za juu, kiko Boulder, Colorado, nacho hutoa taarifa bure kwa kipimo cha ukali wa kukatika kwa redio, kuanzia R1 ambacho ni kidogo hadi R5. Mlipuko wenyewe hauwezi kutangazwa mapema kwa uhakika, kwa kuwa habari yake na athari yake vinafika kwa mwanga uleule. Lakini siku kipimo kikifika R3 na huku kwetu ni mchana, mstari mmoja kwenye tovuti yenu, karibu na hali ya hewa, ungetosha: "Redio za masafa mafupi zimefungwa na jua tangu saa fulani, zitarudi zenyewe." Zipo bado simu za upepo kwenye mbuga, kwenye vituo vya mbali na kwenye majahazi ya masafa marefu. Mwendeshaji akiona redio imekufa ghafla mchana kweupe, huku taa zinawaka na FM inasikika, asiifungue. Apande masafa ya juu, aite kila baada ya dakika tano, na kama kuna mgonjwa amtume mtu palepale bila kungoja.

Walimu wa fizikia nao wanaweza kuwaonyesha wanafunzi. Vipo vituo 18 duniani vinavyopokezana kutuma alama za Morse, zile za nukta na vistari, kwenye megahezi 14.100, kila kimoja kwa sekunde kumi, mzunguko wa dakika tatu. Cha Kenya alama yake ni 5Z4B. Siku ya mlipuko mwanafunzi anaweza kusikia orodha ile ikifutika kwa masikio yake.

Kama mtachapa marekebisho, naomba yawe ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Jirani yangu hukata habari za gazetini na kuzibandika dukani kwake. Ile ya Jumapili bado iko ukutani, juu ya mizani, na wateja wanaisoma wakisubiri kupimiwa sukari.

Mwendeshaji mstaafu wa simu ya upepo,
Korogwe, Tanga